Mjojia wa Jukwaa la Kusini

Tengiz Lomtadze alipokuja kuulizia chumba, kitu cha kwanza nilichokiona ni masikio yake. Yalikuwa yamekunjamana kama andazi lililokandamizwa kabla ya kuiva. Nikajua kijana huyu amekulia kwenye mieleka. Kwao ni Kutaisi, nchi ya Jojia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, na alikuja mji wetu kusomea uhandisi wa maji. Sisi watu wa bonde la mto Po tumepigana na mafuriko tangu enzi za mababu, na chuo chetu kama kuna kitu kinachokijua, basi ni kujenga matuta.

Mimi naitwa Ornella. Nina baa karibu na stesheni. Asubuhi nauza kahawa na mikate ya siagi, jioni mvinyo na nyama kavu, na ghorofani nina vyumba vya kupangisha. Katika kimoja alikaa mdogo wangu, Mirko. Mama yetu alifariki Mirko akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, kwa hiyo ni mimi niliyemlisha, nikamsomesha, nikamchapa, nikambembeleza. Chumba cha pembeni yake nikampa Tengiz.

Siku hiyohiyo Mirko akamkuta kaunta.

"Unaitwa nani, bwana mdogo?"

"Tengiz. Nyumbani wananiita Tengo."

Mirko alicheka mpaka akajipiga paja. Kwa watu wa Napoli, neno hilo maana yake ni "ninacho."

"Unacho? Unacho nini wewe? Mbona naona mikono mitupu?"

"Ninacho kiuno," Tengiz akamjibu kwa Kiitaliano chake cha kitabuni. "Njoo ukishike uone."

Mirko alikuwa mrefu, mzito, fundi wa mabomba mwenye mikono kama makasia. Alimwendea akitabasamu. Kabla sijafika kuwatenganisha, alikuwa chali kati ya viti, Tengiz amemkalia kifuani kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye benchi anasubiri treni. Mirko alipoinuka akajikung'uta suruali, akanigeukia.

"Dada, huyu simwachi."

Mirko ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kubwa katika jukwaa la kusini la uwanja wetu. Timu yetu haijawahi kushinda chochote cha maana, lakini wanaume wa hapa wanaipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe mzee asiyetoa maziwa. Na wale wa jukwaa la kusini hawaendi uwanjani kutazama mpira. Wanaimba, wanawasha mioto ya rangi, na mechi ikiisha, wakati mwingine hata kabla haijaanza, wanapigana na wenzao wa upande wa pili. Wana sheria zao. Huongei na polisi. Humkimbii mwenzako. Aliyeanguka anainuliwa.

Tengiz alikuwa na ramani ya Italia amebandika ukutani juu ya kitanda. Alitaka kuiona nchi yote kabla ya kumaliza masomo. Mama yake mdogo, Manana, alikuwa Bari akimtunza bibi mmoja aliyepooza, kama wanawake wengi wa kwao, na kila likizo alimwambia ashuke kusini. Lakini Mirko alimwambia, "Unataka kuiona Italia? Panda basi letu. Tunazunguka kuliko maaskofu."

Akapanda.

Alirudi kutoka Ravenna Jumapili moja akiwa anachechemea. Nikamuuliza, "Umeziona zile picha za vijiwe kanisani? Watu wanavuka bahari kuja kuziangalia."

"Vijiwe nimeviona, dada Ornella," akasema, akafunua shati. Mgongo ulikuwa umejaa madoa ya zambarau. "Vilikuwa vinaruka."

Ndivyo alivyoijua nchi yetu. Ancona kwake ilikuwa jukwaa la stesheni, watu wamevua mikanda na kuizungushia ngumini, kifungo cha chuma cha mkanda kikimpasua mtu nyusi. Lucca, mji wenye ukuta mzuri kuliko yote, aliujua kwa sehemu ile ya ukuta ambapo askari wa kutuliza ghasia walimbana kwa ngao zao na kumpiga rungu kwenye mapaja mpaka akakojoa damu. Perugia aliikumbuka kwa mabomu ya machozi na mama mmoja aliyefungua mlango, akamnawisha macho kwa maziwa, kisha akamfukuza kwa ufagio. Kila mji aliweka pini kwenye ramani. Mimi nilikuwa nikimshona. Uzi na sindano nilivihifadhi kwenye droo moja na vijiko vya kahawa.

Siku moja nikimtoa kipande cha chupa begani nikamuuliza, "Wewe msomi. Unatafuta nini kwa hawa wapuuzi?"

Alingoja kwanza kipande kitoke.

"Darasani mimi ni yule mgeni," akasema. "Wananisalimia vizuri, wanaondoka pamoja, mimi nabaki nafunga begi. Huku nikianguka naona mikono mingi inanishukia, yote inanivuta juu. Wananiita ndugu. Dada, hata kama ni uongo, ni uongo mtamu."

"Na ngumi je?"

Akanitazama machoni. "Ngumi nazipenda. Nisikudanganye."

Na kweli alizipenda. Walisema akiingia kwenye ugomvi uso wake ulitulia, ukawa kama wa mtu anayeshona. Hakurusha mateke ovyo. Alimwingia mtu chini, akamkumbatia kiuno, akamng'oa ardhini na kumbwaga, kisha akamwendea mwingine. Jukwaani wakamtungia wimbo.

Masika yake ya pili hapa, timu ilikwenda kucheza ugenini. Basi la wetu likasimama kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, watu waende haja na kununua mikate. Saa za kabla ya chakula cha mchana, jua kali, familia zimekaa na watoto wao wanakula aiskrimu. Basi jingine likaingia. Lilikuwa la watu wa mji ule jirani wa mashamba ya mpunga, tunaowaita Vyura. Sisi na Vyura hatujawahi kupatana, na ukiniuliza chanzo sikijui.

Yaliyotokea pale nimeyasikia kwa Tengiz mwenyewe, na baadaye nikayasikia tena mahakamani.

Hakuna aliyesema neno. Milango ya basi la Vyura ilifunguka, na wetu wakaacha mikate yao juu ya meza. Walikutana katikati ya magari. Mtu alichukua ndoo ya kuoshea vioo akampiga nayo mwenzake usoni, maji ya sabuni na damu vikatapakaa. Mwingine alisukumwa kwenye kioo cha duka, kioo kikavunjika, akaingia ndani kwa mgongo. Akina mama walikuwa wakipiga kelele na kuwavuta watoto chini ya meza. Tengiz alikuwa ameshambwaga mmoja na kumvunja wa pili kidole, ndipo akamjia kijana mwenye fulana ya kijani, mkanda mkononi. Jina lake Denis Brusati, fundi wa lipu, rika la Tengiz.

Denis alimchapa mkanda mara mbili shingoni. Mara ya tatu Tengiz alikuwa ameshaingia chini ya mkono wake. Akamnyanyua, akambwaga kifudifudi kwenye lami. Pumzi ikamtoka Denis kwa sauti. Tengiz akamkalia mgongoni, akamkunja mkono. Kwa Tengiz, lile lilikuwa limekwisha. Kwao mtu ukishamlaza, umemshinda, unamwachia.

Akasikia sauti ya Mirko nyuma yake. "Mshike hivyohivyo! Mshike!"

Wana mchezo wao mchafu watu wa majukwaa. Adui akishikwa, anachomwa kisu kidogo kalioni, ashindwe kukaa wiki nzima na kila mtu amcheke. Mirko alikuja na kisu chake cha kukunja. Denis alihisi kinachokuja. Akajipindua kwa nguvu zake zote kama samaki, na kisu kikaingia ndani ya paja, juu kabisa, penye mshipa mkubwa.

"Damu haikutiririka," Tengiz aliniambia. "Iliruka. Ilinipiga kidevuni."

Mirko alitazama mkono wake. Kisha akakimbia. Basi likaanza kupiga honi, watu wakarukia mlangoni. "Tengo! Twende! Tengo, acha huyo, twende!"

Tengiz hakwenda. Alimgeuza Denis, akaingiza ngumi kwenye paja lake, akagandamiza kwa uzito wake wote. Damu ikapita pembeni. Akachukua ule mkanda aliochapwa nao, akaufunga juu ya jeraha, akauvuta kwa meno. Denis alikuwa amemshika kola.

"Usiniachie," akasema.

"Sikuachii."

"Usiniachie, mama yangu wee, usiniachie."

Basi liliondoka. Gari la wagonjwa lilipofika, Denis alikuwa ameshakuwa wa rangi ya nta, na Tengiz bado amegandamiza. Ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja. Polisi walimkuta mwekundu mpaka viwikoni kando ya maiti, na mashahidi wote waliotoka chini ya meza walisema kitu kimoja: huyo ndiye aliyemwangusha, huyo ndiye aliyemkalia.

Wakampeleka gerezani.

Mirko alirudi nyumbani akiwa ameoga. Akakaa kaunta. "Yule mjinga alibaki," akasema. "Tulimwita, akabaki."

"Nani aliyechoma?"

"Hakuna aliyeona."

Nikamwekea nyama kavu na mkate, maana ndivyo alivyokula kila jioni tangu ujana wake, na kila jioni aliikata nyama kwa kisu chake mwenyewe, hakupenda visu vya baa. Akaitazama ile nyama. Kisha akaninyooshea mkono.

"Dada, nipe kisu."

Sikumwuliza chake kiko wapi. Nilimpa kisu cha baa.

Tengiz hakusema kitu. Mwendesha mashtaka alimwambia kwamba kwa jinsi mambo yalivyo, yeye ndiye muuaji. Kimya. Wakili alimwambia taja jina uokoke. Kimya. Jukwaa la kusini likatandaza bango refu upande mzima: TENGO, MWANAUME KWELI. Wakaimba jina lake dakika tisini. Mirko alipiga ngoma. Nilikuwa nawasikia kutoka baa, upepo ukija upande wetu.

Ndipo akaja Manana kutoka Bari. Mwanamke mfupi, nguo nyeusi, mikono iliyopasuka kwa sabuni. Alikwenda gerezani, akarudi, akakaa mezani kwangu bila kuvua koti.

"Dada yangu alinikabidhi mtoto," akasema. "Nimemzaba makofi mbele ya askari. Hasemi."

"Analinda wenzake," nikasema.

"Wenzake?" Alinitazama kama mtu anayetazama nguo madoa yake yako wapi. "Namjua yule. Kwa ajili ya wanaume hafungi mdomo. Nimemuuliza, nani anakupikia? Nani anakushona? Akaanza kulia. Bibi wee, anayemlinda ni wewe."

Jioni hiyo nilimsubiri Mirko. Wateja walikuwa wameondoka, nilikuwa nasafisha mashine ya kahawa.

"Kesho unakwenda polisi," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Mirko. Nimekulea. Usinifanye mtoto."

"Yule ni mgeni!" akapaza sauti. "Hana cha kupoteza, watamrudisha kwao, basi! Mimi unataka nifie ndani?"

"Yule kijana aliyekufa naye alikuwa na dada, umeuliza?"

Alinipiga. Hakuwahi kunigusa maisha yake yote. Ngumi ilinipata shavuni, nikaangukia mashine, mkono wangu ukalala kwenye bomba la mvuke. Nilisikia ngozi ikilia kabla sijasikia maumivu. Mirko akanishika aninyanyue, nami nikamrushia kile kilichokuwa karibu, jagi la chuma, likampasua paji la uso. Tukasimama hivyo, wote wawili tunavuja, tunahema. Akaanza kulia kwa sauti kama alivyolia alipokuwa mdogo. Sikumbembeleza.

Gerezani Tengiz alikuwa amekonda. Aliona bandeji mkononi, akaona shavu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Sasa nisikilize. Unanyamaza kwa ajili yangu?"

Akainamisha kichwa.

"Ulinishona, dada. Ni ndugu yako. Huna mwingine."

"Kweli sina mwingine. Lakini sikukuomba unilipe kwa miaka yako. Mimi nilimlea, mzigo wake ni wangu. Sema ulichokiona. Ukinyamaza tena, huo si wema, ni kiburi."

"Utanichukia."

"Huenda," nikasema. "Sema hivyohivyo."

Akasema. Wakamkamata Mirko kwangu, mbele ya kaunta, akiwa na nyuzi kwenye paji la uso. Sheria yetu haimlazimishi mtu kutoa ushahidi dhidi ya ndugu yake. Hata hivyo, walipoulizia kile kisu, niliwajibu.

Siku Tengiz alipotoa ushahidi, baba yake Denis alikuwa mahakamani, mzee mwembamba mwenye suti ya harusi za zamani. Tengiz alipotoka kwenye korido, mzee alimfuata, akampiga ngumi ya mdomo. Halafu ya pili. Askari walitaka kuingilia, Tengiz akawainulia mkono wasije. Damu ilimshuka kidevuni, mikono yake ameiacha ikining'inia. Ya tatu mzee hakuwa na nguvu nayo.

"Wewe ndiye uliyemwangusha," akasema.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Alisema nini?"

"Alisema nisimwachie."

"Na wewe?"

"Sikumwachia, mzee. Mpaka waliponitoa."

Mzee Brusati alishika mkono wa koti la Tengiz, akasimama ameung'ang'ania. Kisha mkewe akaja akamchukua.

Mirko alihukumiwa miaka mingi. Tengiz alipewa kifungo cha kushiriki ugomvi, wakahesabia siku alizokwisha kukaa ndani, wakamwachilia na kumpiga marufuku viwanja vyote. Kioo cha baa yangu kikavunjwa. Nilipoweka kipya, kikavunjwa tena, na ukutani wakaandika NYUMBA YA WASALITI. Manana alimwambia waende Bari. Tengiz akakataa. Alibakiwa na kazi yake ya mwisho ya chuo kuhusu matuta ya mto, na alisema ataimaliza hapahapa.

Walimvizia siku ya soko, mchana kweupe, chini ya matao yetu ambapo watu wote hupita. Aliwajua, waliwahi kumwinua alipoanguka. Wa kwanza alimpiga na kofia ngumu ya pikipiki kwenye taya, na watu wa pande zote walisikia mfupa ukikatika. Tengiz aliyumba, akatema meno, kisha uso wake ukatulia. Alimwingia yule mwenye kofia kiunoni, akamng'oa, akambwaga juu ya meza ya muuza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, barafu na mikunga hai vikamwagika barabarani. Wengine wakamrukia mgongoni. Wakampiga mateke ya mbavu, ya figo, mmoja akamkanyaga mkono. Muuza mikunga, mama wa makamo mwenye buti za mpira, akachukua kisu chake kirefu cha kuchunia na kusimama juu ya Tengiz.

"Haya, nani ataanza?" akawauliza. "Njooni basi, mashujaa. Mbona mnarudi nyuma?"

Wakaondoka. Mikunga ilikuwa bado inajinyonganyonga kwenye mawe.

Taya lake lilifungwa kwa nyaya. Majuma mengi nilimnywesha mchuzi kwa mrija. Alikwenda kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa akiwa bado na nyaya, anazungumzia matuta, maji na udongo kupitia meno yaliyofungwa, na maprofesa wameinama mbele kumsikia. Wakampitisha. Manana akamvisha shada la majani ya mloreli kama wanavyovishwa wahitimu wetu, na kwa kuwa hakuwa na wanafunzi wenzake wa kumwimbia ule wimbo wetu wa matusi wa kumtania mhitimu, mimi na Manana tulimwimbia, kwenye uwanja wa chuo, kwa sauti kubwa. Alijaribu kucheka, akashindwa kwa maumivu, machozi yakamtoka.

Sasa anafanya kazi kwenye matuta, karibu na mdomo wa mto. Hunipigia simu mara kwa mara. Usingizini, anasema, mikono yake hukunja ngumi yenyewe na kugandamiza godoro, na huamka vidole vimekufa ganzi.

Mirko huwa namtembelea. Mwanzoni alikataa kutoka. Baadaye akawa anatoka, anakaa, tunazungumzia bei ya kahawa na hali ya hewa. Mara ya mwisho alikuwa amenyoa nywele, na kovu la jagi lilionekana vizuri.

"Yule Mjojia," akauliza, "yuko hai?"

"Yuko hai."

"Taya lake?"

"Limeunga. Limepinda kidogo upande huu."

Akaligusa kovu la paji lake.

"Watu wangu ndio waliomfanya vile," akasema. "Sikuwatuma, dada."

"Najua hukuwatuma."

"Lakini niliposikia nilifurahi."

Nilimshika mkono juu ya meza, ule uleule wa kisu, mpaka askari akaja kusema muda umekwisha.